Fanon Aliyevaa Koti Jeupe

Wengi wetu hapa chuoni tunamjua Frantz Fanon kama mtu wa mapinduzi, yule wa Viumbe Waliolaaniwa. Tunasahau kwamba kazi yake hasa ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili.

Alizaliwa Martinique mwaka 1925, akapigana Vita Kuu ya Pili upande wa Ufaransa, kisha akasomea udaktari Lyon. Novemba 1953 akaanza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Enzi hizo madaktari wakubwa wa Algiers, chini ya Antoine Porot, walifundisha kwamba Mwalgeria Mwislamu ana ubongo duni kwa maumbile.

Fanon alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akajaribu njia aliyojifunza Ufaransa kwa François Tosquelles: mikutano ya wodi, gazeti, sinema, sherehe, kazi za mikono. Kwa wanawake mambo yakaenda vizuri. Kwa wanaume, miezi ikapita, kimya.

Angeweza kusema basi, Porot alikuwa sahihi. Badala yake, yeye na daktari mwanafunzi Jacques Azoulay wakaichunguza njia yenyewe. Kumbe shida ilikuwa hapo. Wengi hawakujua kusoma, sasa gazeti la nini? Kusuka vikapu waliona ni kazi ya wanawake. Mkalimani naye aliwakumbusha polisi na mahakama. Basi ukafunguliwa mkahawa kama wa mtaani kwao, akaletwa msimulizi wa hadithi, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, majembe yakatolewa. Wagonjwa wakaanza kushiriki. Utafiti huo waliuchapisha mwaka 1954.

Vita vya uhuru vilipopamba moto, Fanon alijiuzulu mwishoni mwa 1956, akafukuzwa nchini. Huko Tunis, katika hospitali ya Charles-Nicolle, alianzisha huduma ya mchana: mgonjwa anatibiwa, jioni anarudi kwa watu wake. Alifariki Marekani tarehe 6 Desemba 1961 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 36 tu.

Sisi tunaosomea ualimu tunamhitaji sana. Tukienda mazoezini na darasa likakaa kimya, ni rahisi kusema watoto hawa wazito. Fanon angetuuliza kwanza tumewaletea nini, na kwa lugha ya nani.