Munganga wa Oicha Alitoa Angali Anavuna

Mara nyingi tunaulizana: tutoe lini, na tutoe namna gani? Tuyatazame maisha ya Munganga Carl Becker.

Alizaliwa Marekani mwaka 1894. Kazi yake ya udaktari ilimpa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Hakungoja azeeke. Mwaka 1929, akiwa na miaka 35, aliiacha, akaja Kongo pamoja na mke wake Marie, kwa posho ya dola 60 kwa mwezi.

Alitumika miaka mingi Oicha, huku kwetu Kivu ya Kaskazini. Wenye ukoma, ambao watu waliwakimbia, hakuwarushia msaada kwa mbali. Aliwapa kijiji karibu na hospitali, na katika miaka ya 1950 walifika wapata 4,000. Tena aliwafunza vijana Wakongomani kutibu na kupasua. Kwa hiyo uasi wa Wasimba ulipomkimbiza mwaka 1964, kazi haikufa; wauguzi wake waliishika. Alirudi mwaka 1965, akatumika mpaka akapita miaka 80. Alifariki mwaka 1990.

Kwetu Masisi na Walikale, wakimbizi wanapobisha hodi, wengine wetu husema: tungoje mavuno yajayo. Njaa haingoji. Tutoe sasa, hata kibakuli cha maharagi. Kisha tumpe mgeni jembe, mbegu na kipande cha shamba, ili kesho naye awe mtoaji.