Cornelius Vanderbilt na kivuko cha familia bandarini New York

Anayeishi ng'ambo ya maji anajua jambo ambalo mtu wa nchi kavu halijui: mwenye chombo ndiye mwenye saa yako. Wewe ukichelewa, anaondoka. Yeye akichelewa, unamsubiri. Akipandisha nauli unalipa, maana hakuna barabara nyingine. Tulipozungumzia vivuko hewani, dakika zetu ziliisha kabla hatujafika kwenye habari ya kivuko kimoja kikubwa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa familia moja. Tunaiandika hapa ili mwenye simu aisome kwa nafasi yake.

Kivuko hicho ni cha Marekani, katika bandari ya New York. Kinavusha watu kati ya Staten Island na Manhattan, visiwa viwili vilivyoachana kwa kilomita 8 na kidogo za maji. Mtu tunayemsimulia ni Cornelius Vanderbilt, aliyezaliwa Staten Island tarehe 27 Mei 1794 na kufariki tarehe 4 Januari 1877 akiwa mtu tajiri kuliko wote Marekani. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria reli na majumba makubwa. Lakini mtu huyu alianza kwa kuvusha abiria na mizigo, na sisi tutafuata njia hiyo ya maji.

Ukoo wake ulitoka Uholanzi. Jina lenyewe maana yake ni mtu wa De Bilt, mahali karibu na mji wa Utrecht, na babu wa kwanza kufika Marekani katika karne ya 17 alikuja kama mtumishi wa mkataba, yaani aliyelipa safari yake kwa kufanya kazi. Baba yake, naye Cornelius, alikuwa mkulima mdogo mwenye mashua. Alipeleka mazao yake sokoni ng'ambo na kubeba ya majirani kwa malipo. Mama, Phebe, ndiye aliyeshika fedha za nyumba. Inasimuliwa kwamba akiba yake aliificha ndani ya saa kubwa ya kusimama, mahali ambapo mume asingepekua.

Mtoto aliacha shule akiwa na miaka 11, akaingia kwenye mashua ya baba. Kuandika hakukumkaa vizuri hadi uzee wake, lakini upepo, mkondo wa maji na hesabu ya nauli alivijua.

Mwaka 1810, akikaribia miaka 16, alimwomba mama yake dola 100 anunue mashua yake. Mama akampa sharti: alime na kupanda shamba la ekari nane lililojaa mawe kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kijana akawakusanya wenzake, akawaahidi kuwapandisha mashua, wakalimaliza. Ndivyo familia ilivyoisimulia habari hiyo, na huenda imeongezwa chumvi kidogo, kama zilivyo habari zote za utotoni mwa matajiri. Lakini kwamba mtaji wa kwanza ulitoka kwa mama, wasimuliaji wengi wanakubaliana.

Mashua yenyewe ilikuwa bapa chini, yenye milingoti miwili, inayofaa kwa maji ya kina kifupi. Upepo ukikatika, unashika upondo na kusukuma. Nauli inayotajwa ni senti 18 kwenda, na robo dola kwenda na kurudi. Vijana wa namna yake walikuwa wengi gatini, wakigombea abiria kwa sauti na hata kwa ngumi. Yeye alijulikana kwa kitu kimoja, kwamba anaondoka kwa wakati hata hali ya hewa ikiwa mbaya. Manahodha wakubwa wakamtania kwa kumwita Komodoro, cheo cha wakuu wa jeshi la majini. Jina likamganda mpaka kaburini.

Vita kati ya Marekani na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, alipata kazi ya kupeleka mahitaji kwenye ngome za kijeshi zilizozunguka bandari. Mwaka uliofuata alimwoa binamu yake, Sophia Johnson. Walizaa watoto 13.

Sasa ikaja mashine. Mwaka 1807 Robert Fulton alikuwa ameonyesha kwamba boti ya mvuke inaweza kupanda mto Hudson bila kutegemea upepo. Jimbo la New York likampa yeye na mshirika wake, Robert Livingston, haki ya peke yao ya kuendesha boti za mvuke katika maji ya jimbo. Mwingine yeyote alipaswa kununua ruhusa kwao, la sivyo chombo chake kinakamatwa. Huo ndio ukiritimba, na mwenye kuubeba mwisho wa siku ni abiria, maana asiye na mshindani hana sababu ya kupunguza nauli.

Mwaka 1817 boti ya mvuke iitwayo Nautilus ilianza kuvuka kati ya Staten Island na Manhattan, chini ya kampuni ya Richmond Turnpike. Nahodha wake alikuwa John De Forest, shemeji yake Vanderbilt. Vanderbilt mwenyewe aliona matanga yamefika mwisho. Akaacha ubosi wa mashua zake na kukubali kuajiriwa na Thomas Gibbons, aliyekuwa akivusha watu kwa mvuke kutoka jimbo jirani la New Jersey hadi New York bila ruhusa ya wenye ukiritimba.

Kazi hiyo ilikuwa ya kujificha. Kila alipotia nanga upande wa New York, maofisa walikuwa wakimtafuta wamkamate. Inasimuliwa kwamba alikuwa na mahali pa siri ndani ya boti. Nauli yao ilikuwa ya chini, na abiria hawakuwa na haraka ya kumtaja. Wakati huohuo Sophia aliendesha nyumba ya wageni huko New Brunswick, New Jersey, walikoshukia abiria wa boti hizo, na mapato yake yakawalisha na kuwasomesha watoto. Watu wanapoandika kwamba Vanderbilt alijijenga mwenyewe, sisi tunawahesabu wanawake wawili kabla yake: mama mwenye saa ya akiba, na mke mwenye nyumba ya wageni.

Kesi ya Gibbons dhidi ya Aaron Ogden, aliyekuwa amenunua ruhusa kwa wenye ukiritimba, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1824 mahakama ikaamua kwamba biashara inayovuka mpaka wa majimbo iko chini ya Bunge la taifa, na jimbo haliwezi kumfungia njia mwenye leseni ya serikali kuu. Ukiritimba wa boti za mvuke ukavunjika. Boti zikaongezeka, na nauli zikashuka. Hukumu hiyo inasomwa mpaka leo na kila mwanafunzi wa sheria Marekani, na mmoja wa waliohatarisha ngozi zao majini ili ipatikane alikuwa Vanderbilt.

Baada ya Gibbons kufa, Vanderbilt alianza tena kujitegemea. Mtindo wake ulikuwa mmoja. Anaingia kwenye njia ya mwingine, anashusha nauli hadi mwenzake apumue kwa shida, kisha anakubali kulipwa ili aondoke. Kwenye mto Hudson alifika mahali pa kubeba watu karibu bure, akirudisha fedha zake kwenye chakula kilichouzwa ndani. Mwaka 1834 washindani wake walimpa dola 100,000 taslimu na ahadi ya 5,000 kila mwaka ili awaachie mto. Akazipokea. Nauli ikapanda tena. Abiria waliodhani wamepata mtetezi walijifunza kwamba punguzo lile halikuwa lao.

Mwaka 1838 alinunua usimamizi wa kampuni ya Richmond Turnpike. Mtu aliyevunja mlango wa wengine sasa alishika ufunguo wa kivuko cha kisiwa alikozaliwa. Ukiacha kipindi kifupi katika miaka ya 1850, yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya njia hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Staten Island ilikua haraka miaka ya 1850. Watu wengi zaidi walifanya kazi Manhattan na kulala kisiwani, na wakulima walivusha mazao na mikokoteni ya farasi. Malalamiko yakawa ya kudumu: boti zimechakaa, safari ni chache. Lakini macho ya Komodoro yalikuwa mbali. Dhahabu ilipopatikana California, alifungua njia ya kupitisha wasafiri Nikaragua. Alikuwa na meli za kuvuka Atlantiki, na moja kubwa iliyobeba jina lake aliitoa kwa jeshi la majini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisha akahamia reli, yeye ambaye mwaka 1833 alikuwa amevunjika mbavu katika ajali ya treni. Kwake kivuko kilikuwa biashara moja ndogo kati ya nyingi. Kwa mtu wa Staten Island kilikuwa ndiyo barabara.

Mwaka 1864 alikiuza kwa kampuni ya reli ya Staten Island. Rais wake alikuwa Jacob Vanderbilt, mdogo wake wa tumbo moja. Mwanawe William naye alikuwa amewahi kukabidhiwa reli hiyo ilipokuwa na madeni. Kwa hiyo kivuko kiliuzwa, lakini hakikutoka nyumbani.

Jumapili, tarehe 30 Julai 1871, boti iitwayo Westfield ilikuwa gatini Manhattan mchana, imejaa watu waliokuwa wakienda kisiwani kupumzika. Ilikuwa bado haijaondoka. Boila yake ikapasuka. Mvuke wa moto na mbao zilizovunjika viliwapata waliokuwa sitaha, wengine wakarushwa majini. Katika siku chache watu wapatao 85 walitambuliwa kuwa wamekufa, na idadi ikaendelea kupanda kwa wiki kadhaa. Majeruhi walikuwa mamia. Jacob Vanderbilt alikamatwa kwa shtaka la mauaji, lakini hakutiwa hatiani.

Cornelius alikuwa na miaka 77, na kisheria kivuko hakikuwa chake tena. Hatuwezi kumtwisha boila ya Westfield, iliyokuwa ikiendeshwa na wengine. Ila desturi ya kukamua njia ya abiria na kuwaacha walalamike haikuanza na Jacob. Mwaka huohuo kituo kikubwa cha treni cha Grand Central, cha Komodoro, kilifunguliwa Manhattan.

Sophia alikuwa ameshafariki mwaka 1868. Mwaka uliofuata Vanderbilt alioa tena, mke aliyekuwa kijana sana kwake, na kwa ushawishi wa upande huo wa mke alitoa dola milioni moja kuanzisha chuo kikuu huko Nashville chenye jina lake. Alipofariki, mali yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 100. Karibu yote aliiacha kwa William na watoto wa kiume wa William. Mabinti walipata sehemu ndogo sana ukilinganisha, na mwana mwingine, Cornelius Jeremiah, mgonjwa wa kifafa na mcheza kamari ambaye baba alimdharau, aliachiwa riba tu ya dola 200,000. Wakaenda mahakamani, na ugomvi wa ndani ya nyumba ukasomwa magazetini hadi walipoafikiana mwaka 1879.

Kivuko kiliendelea. Miaka ya 1880 kilipita kwa kampuni nyingine ya reli. Mwaka 1901 boti iitwayo Northfield iligongwa na kuzama karibu na gati, na baada ya hapo watu wa kisiwa hawakutaka tena kusikia habari ya wenye makampuni. Tarehe 25 Oktoba 1905 jiji la New York lilikichukua, na boti tano mpya zikapewa majina ya sehemu tano za jiji. Farasi waliwapisha watu wenye magari, ambayo yalivushwa mpaka mwaka 2001, yalipozuiwa baada ya mashambulizi ya Septemba. Nauli ya abiria wa miguu ilifutwa mwaka 1997. Leo boti huondoka usiku na mchana, na anayevuka kutoka Staten Island, alikozaliwa Komodoro, halipi hata zile senti 18.