Edward Steere na neno chuo

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa padri wa Kianglikana. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, akajifunza Kiswahili kwa wenyeji. Mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha sarufi na msamiati. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu mahali pale pale. Akawa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja mwaka 1882.

Mimi nimemfikia kwa njia ya aibu. Nilipokuwa sekondari hapa Goma, mwalimu mmoja alinipunguzia alama kwa kuandika kwamba mtoto anaenda masomo. Alitaka niandike shule. Tangu siku ile nilikionea haya Kiswahili cha nyumbani.

Katika msamiati wa Steere, chuo ni kitabu, na chuoni ni mahali watoto wanaposomea. Leo chuo ni hapa tulipo. Shule nayo ilitokana na Kijerumani, Wajerumani walipoitawala Tanganyika, Steere akiwa ameshafariki.

Steere aliandika alichokisikia Unguja wakati wake. Lahaja hiyo ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sanifu naiheshimu, na ndiyo ninayoandikia. Lakini ikiwa kitabu kiliweza kuwa chuo kikuu, masomo ya mama yangu nayo yastahili kuingia katika kamusi, na mahali pake paandikwe: Goma.