Grace Hopper, bibi wa jeshi la majini aliyezitahini kompyuta

Wengi waliowahi kulisikia jina la Grace Hopper wamelisikia kwa sababu ya nondo, yule mdudu anayezunguka taa usiku. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wakiijaribu kompyuta mpya iitwayo Mark II, nayo ikawa inakosea. Walipoichunguza walimkuta nondo amenasa ndani ya rilei, yaani swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme. Wakamtoa, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kando yake kwamba huyo ni mdudu wa kwanza kupatikana kweli. Daftari hilo limehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na nondo wake bado yumo.

Kisa hiki kimesimuliwa mno hadi kikapinda. Hopper hakuwa aliyemtoa mdudu. Alikuwa mmoja wa kikosi kile, na ndiye aliyekieneza kisa kwa miaka mingi kwa sababu alipenda kuchekesha. Wala neno mdudu kwa maana ya hitilafu ya mtambo halikuzaliwa siku hiyo. Thomas Edison alilitumia tangu karne ya 19. Kinachosahaulika ni jambo jingine: mashine ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa inatengenezwa kwa ajili ya Dahlgren, katika jimbo la Virginia, uwanja wa jeshi la majini uliofunguliwa mwaka 1918 kwa majaribio ya mizinga. Pale mizinga ya meli ilifyatuliwa kuelekea mto Potomac, vipimo vikachukuliwa, na kutokana navyo yakakokotolewa majedwali ya kumwonyesha mpiga mzinga ainue mtutu kiasi gani. Kompyuta iliyokuwa inakwenda kupima kazi ya mizinga ilibidi nayo ipimwe kwanza. Swali la nani ampime mpimaji halikumwacha Hopper mpaka uzeeni.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akiitwa Grace Brewster Murray. Akiwa na umri wa miaka 7 alifungua saa ya kengele kutaka kujua inavyofanya kazi, akashindwa kuirudisha, akafungua nyingine, hadi zikafika saba. Mama yake akamwachia moja. Alipoomba nafasi katika chuo cha wasichana cha Vassar mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya kufeli Kilatini; akasubiri mwaka, akaingia, na kumaliza mwaka 1928 katika hisabati na fizikia. Mwaka 1930 alipata shahada ya pili Yale na kuolewa na Vincent Hopper. Mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati, jambo la nadra sana kwa mwanamke wa zama zile, huku akiendelea kufundisha Vassar.

Vita Kuu ya Pili ilipoikumba Marekani alitaka kuingia jeshi la majini. Lilimkataa. Umri ulikuwa umepita, na uzito wake ulikuwa pungufu kwa karibu kilo 7 chini ya kiwango. Aliomba msamaha wa uzito akaupata, na Desemba 1943, akiwa na miaka 37, akaapishwa. Kwenye mafunzo ya uofisa aliongoza darasa lililojaa wasichana wa umri wa wanafunzi wake. Julai 1944 alipelekwa Harvard, kwa ofisa mkali aliyeitwa Howard Aiken, kuendesha Mark I: mtambo wenye urefu wa mita 15 na uzito wa karibu tani 5, uliosoma amri zake kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Uliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Kuzidisha namba mbili kuliuchukua sekunde kadhaa. Leo simu ya mkononi ya mtoto ingeucheka, lakini wakati ule kazi ya miezi ya makarani ilikwisha kwa siku.

Hapo kuna jambo ambalo masimulizi ya sifa hulipita haraka. Mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann alifika Harvard na hesabu ngumu kuhusu mlipuko unaobana kitu kuelekea katikati. Hopper na wenzake waliisaidia kuiingiza kwenye mashine bila kuambiwa ni ya nini. Ilikuwa sehemu ya matayarisho ya bomu la aina ile iliyoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji wa Kikongo ambao nao hawakuambiwa kitu. Sina haja ya kumtwisha Hopper dhambi ya bomu. Ila ni vizuri ifahamike kwamba kompyuta, tangu utoto wake, ilikuwa na mkono Cambridge na mguu kwenye shimo la nchi ya wasemaji wa Kiswahili.

Vita vilipokwisha, ndoa yake nayo ilikwisha mwaka 1945. Hawakuwa na watoto. Jeshi lilimwambia amezeeka mno kwa utumishi wa kudumu, likamwacha katika akiba. Harvard haikumpa kazi ya kudumu. Katika miaka ile alipambana na ulevi uliokaribia kumharibia kila kitu, na marafiki ndio waliomshika mkono. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia kwenye kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakitengeneza kompyuta ya UNIVAC.

Huko ndiko alikofanya kazi inayotajwa vitabuni. Wakati huo kuandika programu kulimaanisha kuandika tarakimu, amri moja baada ya nyingine, na watu walinakili vipande vya kazi za zamani kwa mkono na kukosea wakinakili. Hopper aliona kwamba mashine yenyewe ingeweza kuvikusanya vipande hivyo. Kufikia mwaka 1952 alikuwa na programu iitwayo A-0, akaiita kompaila, yaani mkusanyaji. Kutoka hapo akaenda mbali zaidi: kwa nini mhasibu asiiandikie mashine maneno ya kawaida, nayo ijitafsirie? Ili kuwaonyesha wakubwa wake kwamba inawezekana, alitayarisha programu fupi kwa Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wakubwa walitishika. Waliona haifai kabisa kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania ijue lugha za kigeni, ikabidi aahidi kubaki na Kiingereza tu. Kwa mashine, neno la Kifaransa na la Kiingereza yote ni alama tupu. Hata Kiswahili kingekubalika siku hiyo, kama angetokea wa kukiandika.

Matunda yake yalikuwa lugha ya FLOW-MATIC, na hiyo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kazi za kibiashara iliyoanza kubuniwa mwaka 1959 na kamati ya wazalishaji na idara za serikali. Hopper hakuiandika COBOL peke yake kama inavyosemwa mara nyingi. Alikuwa mshauri, na watu wake wawili walikuwa kwenye kamati ya kiufundi. Kisha wizara ya ulinzi ya Marekani ikatangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyo na COBOL.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha habari hii. Kila kampuni ikatangaza kwamba COBOL inayo. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Moja iliongeza maneno yake, nyingine iliacha yale magumu, ya tatu iliyaelewa maneno yaleyale kwa maana nyingine. Programu iliyokwenda vizuri kwenye mashine ya kampuni hii ilitoa majibu tofauti kwenye mashine ya kampuni ile, na mnunuzi akajikuta amefungwa kwa muuzaji mmoja.

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha Hopper kwa umri. Agosti 1967 likamwita tena, kwa miezi sita, alete utaratibu katika lugha za kompyuta zake. Miezi sita hiyo ilifika miaka 19. Alikaa Pentagon na kikundi kidogo cha vijana, na ukutani alitundika saa inayozunguka kinyumenyume, ili mgeni akumbuke kwamba mazoea si sheria. Badala ya kubishana na wauzaji, kikundi chake kilitunga mtihani, na mtihani huo ulisimamiwa na kusahihishwa na kompyuta yenyewe.

Chukua mfano. Kiwango cha COBOL kinasema kwamba ukitenga nafasi ya tarakimu mbili kisha ukahamishia humo namba 123, itabaki 23. Ya kushoto inakatwa. Unaweza kuona ni upuuzi, lakini ndiyo sheria, na kompaila isiyoifuata itaharibu hesabu za watu kimyakimya. Programu ya mtihani inafanya kitendo hicho, inalinganisha jibu lililotoka na jibu lililojulikana tangu mwanzo, kisha inachapa mstari: umefaulu, au umefeli. Ukifeli, inachapa majibu yote mawili bega kwa bega. Mwishoni inajumlisha alama. Hakuna wa kuhongwa wala wa kuonewa haya.

Ugumu ulikuwa kwamba kila kompyuta ilikuwa na majina yake ya printa, tepu na mafaili. Ukimwachia muuzaji aurekebishe mtihani ili uende kwenye mashine yake, atarekebisha na maswali. Katika toleo lililotungwa kwa ajili ya COBOL ya mwaka 1985, jambo hili linashughulikiwa na programu moja msimamizi. Inapokea faili kubwa lenye mitihani yote, inasoma kadi chache zilizoandikwa majina ya vifaa vya mashine husika, inayachomeka mahali palipoachwa wazi kwa ajili hiyo tu, kisha inatoa mtihani mmoja mmoja, tayari kuendeshwa. Maswali yenyewe hayaguswi. Programu hiyo nayo imeandikwa kwa COBOL, hivyo kompaila mbovu sana inaweza kuanguka hata kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Jeshi la anga nalo lilikuwa na mitihani yake, na kazi za pande hizo mbili ziliunganishwa. Mapema miaka ya 1970 upimaji ukawa huduma ya serikali nzima ya Marekani, na kampuni iliyotaka kuiuzia serikali kompaila ikalazimika kuileta ipimwe. Mimi nimekulia katika nchi ambako taarifa ya wizara ilitosha kuwa ushahidi wa jambo lolote, na nakiri kwamba sehemu hii ya maisha ya Hopper inanivutia kuliko nondo na saa saba. Mwanamke wa miaka zaidi ya 60, mwenye cheo cha Kamanda, alizifanya kampuni kubwa za dunia zijibu maswali yaleyale, mbele ya msahihishaji yuleyule.

Mtihani una mipaka yake. Ulipima kama kompaila inaitii sheria, haukupima kama mwandishi wa programu ana akili. Waandishi wengi wa COBOL waliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi kwenye kadi zenye safu 80, na kompaila zilizofaulu vizuri kabisa zikayatafsiri makosa hayo kwa uaminifu. Dunia ilikuja kulipa gharama yake ilipokaribia mwaka 2000.

Hopper alipandishwa kuwa Kapteni mwaka 1973, Kamodore mwaka 1983, na mwaka 1985 akafika daraja la chini la uadmirali. Katika mihadhara aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili majenerali waelewe kwa nini mawasiliano ya setilaiti yanachelewa. Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini, alistaafishwa kwa heshima juu ya meli kongwe ya USS Constitution, Boston. Mara akaajiriwa na kampuni ya kompyuta ya Digital. Alifariki tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85, akazikwa makaburi ya taifa ya Arlington. Meli ya kivita ilipewa jina lake, na mwaka 2017 Yale iliondoa jina la mtetezi wa utumwa, John Calhoun, kwenye mojawapo ya vyuo vyake vya ndani na kuweka la Hopper.

Aprili 2020, wakati corona ilipowaacha mamilioni bila kazi, gavana wa New Jersey aliomba hadharani wajitolee watu wanaoijua COBOL, kwa sababu mifumo ya serikali yake iliyoelemewa ilikuwa imeandikwa kwa lugha hiyo. Mitihani nayo haijatupwa. Ilirithiwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na inapatikana bure. Wanaotengeneza GnuCOBOL, kompaila isiyolipiwa, bado wanaiendesha: msimamizi anasoma kadi zake, mistari ya kufaulu na kufeli inachapwa, na chini kabisa kuna jumla.