Frederick Banting, mtoto wa mkulima aliyeleta insulini

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayejichoma sindano ya insulini kila siku, habari hii inamhusu. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari hakuwa na dawa. Madaktari walimpunguzia chakula hadi akabaki mifupa na ngozi, kwani njaa ilimsogezea siku za kuishi. Mzazi alimwangalia mwanawe akiisha taratibu.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891, shambani kwa wazazi wake karibu na Alliston, jimbo la Ontario nchini Kanada. Alisomea udaktari Toronto, akaenda Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa mkono mwaka 1918. Aliporudi alifungua chumba cha matibabu mjini London, ule wa Kanada, si wa Uingereza. Wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza alipata dola 4 tu, ikabidi atafute kibarua cha kufundisha.

Oktoba 1920, akiandaa somo la wanafunzi, alisoma makala kuhusu kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo la chakula. Tangu 1889 ilijulikana kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari. Ndani yake kuna vikundi vidogo vya chembe, kama visiwa ziwani, vinavyotoa homoni. Homoni ni mjumbe anayesafiri ndani ya damu. Mjumbe huyu huifungulia sukari mlango itoke kwenye damu, iingie mwilini ikatumike. Ndiyo maana akaitwa insulini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa.

Tatizo ni kwamba kongosho hutoa pia maji makali ya kusaga chakula, na ilidhaniwa maji hayo huiharibu homoni kabla haijapatikana. Banting akawaza kufunga mirija ya kongosho la mbwa ili sehemu ya maji inyauke, visiwa vibaki.

Profesa Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alikuwa na mashaka, lakini alimpa maabara, mbwa, na mwanafunzi Charles Best, aliyepata nafasi hiyo kwa kurushiana sarafu na mwenzake. Walianza Mei 1921. Mbwa wengi walikufa, na njia ile ilichukua wiki nyingi kwa dawa kidogo.

Hapo maisha ya shambani yakamsaidia. Banting alikumbuka kuwa wafugaji hupandisha ng'ombe kabla ya kumpeleka machinjioni ili anenepe zaidi. Ndama aliye tumboni bado hajaanza kusaga chakula, hivyo kongosho lake lina homoni bila yale maji makali. Wakaenda machinjioni kuyachukua. Binafsi naona mtu wa mjini asingeliwaza hilo. Baadaye, kwa kutumia alkoholi, waliweza kutumia hata kongosho la ng'ombe mkubwa.

Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma sindano Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa. Haikufaa, dawa ilikuwa na uchafu. James Collip, mtaalamu wa kemia aliyejiunga nao, akaisafisha usiku na mchana. Tarehe 23 wakamchoma tena, na sukari ikashuka. Leonard hakupona kisukari, kwani insulini haikiondoi, lakini aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel ikatolewa kwa Banting na Macleod. Banting alikasirika kuona Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Banting hakuwa mtu rahisi, na ugomvi wake na Macleod haukuisha. Mimi naamini bila Collip kijana yule asingeishi, ingawa jina lake husikika mara chache.

Utajiri je? Banting, Best na Collip waliuza haki za ugunduzi wao kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka dawa isije ikamilikiwa na mfanyabiashara mmoja.

Februari 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege iliyombeba kwenda Uingereza ilianguka Newfoundland. Banting alifariki akiwa na miaka 49. Siku aliyozaliwa, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.