Bwana Alan Turing na Njia ya Kurudi

Muhula huu katika Chama chetu cha Kompyuta tumefundishwa kufunga maktaba ya kufuatia nyayo za programu iliyokufa. Wenzetu waliotusikia bwenini waliuliza ni mzimu gani huo tunaoutafuta. Basi nimeona yafaa niwaelezeni habari za maisha ya mmoja wa watu wa kwanza kabisa waliofikiri namna mashine iwezavyo kukumbuka ilikotoka.

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika India, na kwa kuwa wazazi walikaa sana huko, Alan na kaka yake walilelewa na watu wengine Uingereza. Mwaka 1926, siku alipotakiwa kuanza shule ya Sherborne, wafanyakazi wa nchi nzima walikuwa wamegoma na treni haziendi. Kijana huyu wa miaka 13 alipanda baiskeli akaenda maili 60 hivi, akalala njiani usiku mmoja, akafika. Mimi nadhani ningefurahi kubaki nyumbani.

Alisoma hisabati Cambridge, na mwaka 1936 akaandika makala iliyoeleza mashine ya kufikirika tu, yenye utepe mrefu, iwezayo kufanya hesabu yoyote iliyo na kanuni. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri, kufumbua maandishi ya fumbo ya Wajerumani, hasa yale ya nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli. Huko mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa ukitoka mara kwa mara. Hakuipeleka kwa fundi. Alihesabu mizunguko, akajua utatoka lini, akawa akisimama kabla.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, alijiunga na Maabara ya Taifa ya Fizikia, na mapema mwaka 1946 akawapa wakubwa wake mpango wa kompyuta iitwayo ACE. Katika mpango huo programu kubwa iliweza kuituma programu ndogo, na hiyo nayo ikaituma nyingine. Jambo hili twalijua sote. Mama akutuma dukani; mwenye duka akwambia umpelekee kwanza mzigo kwenye mashine ya kusaga; mwenye mashine akutuma kisimani. Ukisha kuteka maji hurudi kwa mama moja kwa moja, bali wairudia kwanza mashine, kisha duka, kisha nyumbani. Agizo la mwisho ndilo limalizwalo kwanza. Mtoto hukumbuka mwenyewe, lakini kompyuta haikumbuki ila imewekewa. Kwa hiyo Turing aliweka amri mbili, akaziita kuzika na kufukua: mashine ikitumwa izike anwani ya pale ilipoacha, na kazi ikisha ifukue anwani iliyozikwa mwisho, irudi.

Rundo la anwani za namna hiyo limo katika kompyuta tutumiazo leo. Programu iliyotafsiriwa na kompaila ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, aghalabu huuawa papo hapo, na kioo chaonyesha maneno mawili matatu tu. Ni kama mtoto aliyeokotwa kisimani amezirai, hawezi kusema nani kamtuma. Hapo ndipo maktaba ile hufaa. Huunganishwa na programu, nayo hungoja ishara ya kifo. Ishara ikija husoma rundo kutoka juu: kisima, mashine, duka, mama. Lakini anwani ni tarakimu tupu. Ili zigeuke majina na nambari za mistari, sharti kompaila iamriwe kuhifadhi habari hizo; asiyetoa amri hiyo hupata ukurasa wa tarakimu usiomfaa kitu. Tena kompaila ikiamriwa kuharakisha programu, yaweza kuimeza programu ndogo ndani ya kubwa, na hatua moja ya safari isiwemo katika rundo.

Turing hakungoja mashine yake. Ujenzi ulichelewa mno, akaondoka, na mwaka 1948 akaenda Manchester. ACE ndogo ya majaribio ilianza kazi tarehe 10 Mei, 1950, yeye hayupo. Mwezi Juni, 1949, alikuwa amesoma Cambridge makala fupi juu ya kukagua programu kubwa. Alitoa mfano wa kujumlisha: ukipewa jumla tupu, huna budi kurudia hesabu yote, zikiandikwa na tarakimu zilizobebwa, kila safu yaweza kukaguliwa peke yake. Alitaka mtunga programu naye aandike, mahali mbalimbali, ni lipi linapaswa kuwa kweli hapo. Mimi naona shauri hili lina faida kuliko maktaba yetu, kwani maktaba huja baada ya kifo.

Mwaka 1952 alishtakiwa na kuhukumiwa kwa uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa kosa kwa sheria za Uingereza za wakati huo, akalazimika kukubali kutiwa dawa badala ya kifungo. Alifariki kwa sumu tarehe 7 Juni, 1954, umri wake miaka 41, na uchunguzi ulisema alijiua. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa Malkia ukatolewa mwaka 2013. Noti ya paundi 50 yenye picha yake ilianza kutumika tarehe 23 Juni, 2021, siku ya kuzaliwa kwake.