John Ruganda: Jukwaa la Mkimbizi

John Ruganda alizaliwa mwaka 1941 Fort Portal, Uganda. Enzi ya Idi Amin alihamia Nairobi, akafundisha katika Chuo Kikuu na kuongoza kikundi cha wanafunzi kilichozunguka nchini kikiigiza bila kiingilio. Tamthilia yake Shreds of Tenderness inamrejesha nyumbani mkimbizi, akejeliwe na Odie, nduguye aliyebaki. Nani ana haki zaidi ya nchi: aliyevumilia dhuluma au aliyeikimbia? Mzozo huo haungekuwa mgeni Pumwani wala Kaloleni, mitaa ya Eastlands iliyokaliwa tangu mwanzo na waliotoka kwingine. Ruganda aliaga dunia jijini Kampala mwaka 2007, akiwa amerejea kwao.